Mamako akidungwa ‘nyuklia’, usimkimbie

Kama umekula kibandani kwa muda, hii shaka unaijua. Jana jioni uliacha vipande viwili vya nyama ngumu pembeni mwa sahani. Leo mchana unaletewa supu, na kile kipande kinachoelea unakiona kama mtu mnayefahamiana. Kumuuliza mwenye kibanda huwezi, kwa sababu atakufukuza, na lile deni lako la wiki mbili atalitangaza hadi steji.

Mwaka 1911 kijana mmoja wa Hungary, George de Hevesy, alikuwa na shaka hiyo hiyo. Alikuwa anafanya kazi Manchester, Uingereza, kwenye maabara ya Ernest Rutherford, na alikodi chumba kwa mama mmoja aliyewapikia wapangaji wake. Hevesy akaona nyama ya Jumapili inarudi mezani wiki nzima, imebadilishwa jina tu. Mama akakana. Basi siku moja jamaa akatia kwenye mabaki ya sahani yake kitu kidogo chenye mionzi kutoka maabara. Chakula kilipoletwa tena, akaja mezani na chombo cha kupima mionzi, akakisogeza karibu na sahani. Chombo kikasema yote. Nyama ilikuwa imerudi.

Ndivyo hadithi inavyosimuliwa mpaka leo, na akili yote ya jambo ninalotaka kukueleza imo humo ndani. Tia kitu alama, kiachilie kizunguke, kisha kifuate kwa chombo kinachoiona hiyo alama. Hevesy aliendelea na mchezo huo kwenye mimea, kisha kwenye miili ya wanyama na watu, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1943 akapewa yeye. (Huyu msee alikuwa mjanja kweli. Wanazi walipoingia Copenhagen 1940, aliyeyusha medali mbili za Nobel za wanasayansi wenzake, dhahabu tupu, ndani ya asidi, akaiacha chupa kwenye rafu ya maabara. Askari wakaipita. Baada ya vita dhahabu ikatolewa kwenye ile chupa na medali zikatengenezwa upya.)

Kwa nini nakupa historia ya supu? Kwa sababu mchezo huo unachezwa kila siku ya kazi hapa Nairobi, ila mahali pa nyama kuna mtu. Na huyo mtu anaweza kuwa mathe wako.

Kwenye ploti tunayoishi Umoja kuna mama wa ghorofa ya tatu aliyepatikana na saratani ya matiti. Daktari alitaka kujua kama imefika kwenye mifupa, akamtuma afanyiwe skani. Kabla ya picha alidungwa sindano ambayo muuguzi alimwambia ina mionzi kidogo, na akashauriwa asipakate watoto wachanga siku hiyo. Aliporudi jioni alimsimulia jirani mmoja. Mmoja tu. Kufikia saa tatu usiku ngazi nzima ilikuwa inajua ati ‘amewekwa nyuklia’. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Mtu akapendekeza kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba atumie choo cha peke yake wiki nzima, na hapa tunaongea kuhusu ploti yenye choo kimoja kila ghorofa. Keateka akaandika ‘noted’. Mama alikaa ndani siku mbili. Miezi michache baadaye alipohitaji kipimo kingine alikataa katakata, na ikabidi dadake atoke Machakos kuja kumbembeleza.

Sidhani kuna mtu alikuwa na roho mbaya pale. Watu waliogopa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukaa chini akawaeleza. Basi wacha nijaribu mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kama haya yameingia kwa kichwa changu, kwako yataingia bila kugonga.

Kwanza hilo neno lenyewe. Ukitaja nyuklia Kenya watu wanawaza bomu, ama wanawaza Uyombo kule Kilifi, ambako wakazi waliandamana 2024 kupinga mtambo wa umeme wa nyuklia. Huo ni mjadala mwingine na wana haki ya kuuliza maswali yao. Lakini Kenyatta National imekuwa na kitengo cha tiba ya nyuklia kwa miaka mingi, bila kelele, na pengine umeshapita mlango wake ukienda kumwona mgonjwa.

Eksirei unaijua. Mashine inapiga mionzi kutoka nje, inapenya mwilini, inachora kivuli cha kilichomo ndani. Inakuonyesha umbo: mfupa umevunjika hapa, pafu lina doa pale. Kile haikuambii ni kazi. Kifua cha mtu aliyekufa saa moja iliyopita na kifua chako wewe unayesoma hapa vinaweza kufanana kabisa kwenye eksirei. Skani ya nyuklia imegeuza mambo. Mwangaza unatoka ndani ya mwili, na mashine imekaa tu nje ikipokea. Fikiria stima imepotea mtaani usiku na unataka kujua nyumba zipi zina watu. Unaweza kumulika kuta kwa tochi ukahesabu madirisha na milango. Ama unaweza kungoja uone ni dirisha lipi lina mshumaa.

Mshumaa unaotumika zaidi duniani unaitwa teknesiamu-99m. Karibu asilimia 80 ya vipimo vya nyuklia ulimwenguni vinaitegemea. Teknesiamu ndiyo elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu: Carlo Perrier na Emilio Segrè waliigundua Palermo, Italia, mwaka 1937, na sasa kila siku kuna mahali inaingizwa kwenye mshipa wa mtu. Kwa skani nyingi, ikiwa peke yake haifiki inapotakiwa, kwa hivyo inaunganishwa na dawa inayojua njia. Dawa ni matatu, teknesiamu ni abiria, na kila matatu ina ruti yake. Kuna ya mifupa, kuna ya figo, kuna ya moyo. Huwezi kupanda ya Kayole ukitegemea kushuka Dandora.

Ile ya mifupa inavutwa zaidi na mfupa unaojijenga upya kwa kasi, labda kwa sababu ulivunjika, una maambukizi, au saratani imeuvamia. Unadungwa, unangoja saa mbili au tatu hivi ukinywa maji, kisha unalala chini ya kamera na inakupitia taratibu kuanzia kichwani. Haiumi. Palipo na shughuli nyingi panaonekana peusi zaidi, mara nyingi mapema kuliko eksirei ingeweza kukuambia chochote.

Sasa hesabu ambayo WhatsApp ya ploti yetu haikuifanya. Kila baada ya saa sita, nusu ya teknesiamu inakuwa imejimaliza. Tuseme mama wa ghorofa ya tatu alidungwa saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri ilibaki nusu. Saa tatu usiku, wakati kikundi kinawaka moto, ilibaki robo. Kesho yake asubuhi ilibaki sehemu moja kwa 16. Baada ya siku tatu, chini ya sehemu moja kwa 4,000. Na hiyo ni kabla ya kuondoa ile iliyotoka kwa mkojo, ambayo ndiyo sababu ya kuambiwa unywe maji kama uliyekimbia mbio za nyika. Choo cha peke yake wiki nzima? Alikuwa anakingwa nini, na nani?

Alichoambiwa hospitalini kilikuwa na maana, na kilikuwa cha siku hiyo moja: usikae na mtoto mchanga kifuani, usikae muda mrefu ukiwa umemgusa mama mjamzito, nawa mikono vizuri ukitoka chooni. Na kama unanyonyesha, sema kabla ya sindano, wakupe maelekezo yako. Kama una mimba au unaishuku, sema pia, hata kama mamako amekaa kando yako na hajui. Mnong’onezee muuguzi.

Teknesiamu yenyewe inatoka mbali. Mzazi wake anaitwa molibdenamu-99, na anatengenezwa kwenye tanuri chache sana za nyuklia duniani. Moja ni SAFARI-1 kule Pelindaba, karibu na Pretoria, iliyoanza kazi 1965. Molibdenamu inapungua nusu kila saa 66, kwa hivyo inapakiwa kwenye chombo chenye kuta za risasi, inapandishwa ndege, na hospitali ikiipokea inaikamua teknesiamu kila asubuhi. Wataalamu wenyewe wanakiita chombo hicho ng’ombe. Baada ya wiki moja hivi ng’ombe amekauka, anaagizwa mwingine. Mwaka 2009 tanuri moja kubwa ya Kanada ilipoharibika, na ile ya Uholanzi nayo ikapata matatizo, wagonjwa kila pembe ya dunia waliahirishiwa vipimo. Hebu fikiria: bomba linavuja Kanada, na wewe kwingineko unaambiwa urudi mwezi ujao.

Ndiyo maana hadithi ya Kahawa inanifurahisha.

Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile KUTRRH iliyoanza kupokea wagonjwa Oktoba 2019, ina kituo cha picha chenye mashine ya PET na, muhimu zaidi, saiklotroni yake yenyewe. Hospitali ya Aga Khan kule Parklands ndiyo ilitangulia. KUTRRH ni ya umma, na ukitoka Eastlands unapanda ya Outering, unashika Thika Road, unaendelea hadi Kahawa. Kabla ya mashine hizi kuja, Mkenya aliyeandikiwa PET alikuwa anaanza kutafuta pasipoti na watu wa kumchangia, kwa sababu safari ilikuwa ya India au Afrika Kusini.

Kwa nini dawa isingeletwa tu kwa ndege kama molibdenamu? Jibu ni saa. PET inatumia florini-18, na hiyo inapungua nusu kila dakika 110. Ndege ya Johannesburg hadi Nairobi inachukua kama saa nne. Ikitua JKIA imebaki chini ya robo, na bado haijapitia forodha, na bado haijaingia Mombasa Road. Chukua mfano wa karibu. Dawa itoke Kahawa saa moja asubuhi kuelekea hospitali nyingine mjini, kisha gari likwame. Saa tatu kasoro dakika kumi nusu imekwisha, na dereva bado anaangalia nyuma ya ile ile trela. Foleni ya Nairobi inakula pesa na wakati wetu sote, lakini hii inakula dawa ndani ya chupa iliyofungwa. Huwezi kuiwekea akiba. Huwezi kuitia friji. Inatengenezwa asubuhi kwa ajili ya watu walio kwenye orodha ya siku hiyo.

Saiklotroni inafanyaje? Inachukua chembe ndogo sana, protoni, inazizungusha kwa sumaku na umeme, mzunguko juu ya mzunguko, kila mzunguko kasi inaongezeka, kisha inazirusha zigonge maji maalumu yenye oksijeni nzito, oksijeni-18. Baadhi ya hiyo oksijeni inageuka florini-18. Kutoka hapo florini inapelekwa kwenye kabati lenye kuta nene za risasi, inaunganishwa na sukari ya aina ya glukosi, inapimwa ubora, inatiwa kwenye sindano iliyovishwa koti la chuma kizito. Wanafanya haya yote wakikimbizana na zile dakika 110. Watu wa saiklotroni kwa kawaida huanza kazi wakati wewe umelala, au ndio unarudi kutoka sherehe.

Na kwa nini sukari? Kwa sababu seli nyingi za saratani zina njaa. Otto Warburg, Mjerumani, aliona miaka ya 1920 kwamba zinameza glukosi kuliko seli za kawaida. Ile sukari iliyotiwa florini ni mtego: seli inaimeza ikidhani ni chakula, inaanza kuichakata, inakwama katikati. Haiwezi kuimalizia na haiwezi kuitema. Inabaki pale ikiwaka. Mtu wa kwanza kudungwa sukari ya namna hii alidungwa mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu najua jamaa fulani wa TikTok ataisoma hii sentensi akimbie nayo. Kwamba saratani hula sukari nyingi hakumaanishi ukiacha chai ya sukari utapona. Mwili wako unatengeneza glukosi hata usipokula chapati mwezi mzima, na ubongo wako unaitaka. Anayekuuzia unga wa mitishamba wa ‘kuinyima saratani sukari’ anakula sukari yako wewe.

Turudi kwa mashine. Florini-18 inapojimaliza inatoa chembe iitwayo positroni. Positroni haiendi mbali. Inakutana na elektroni, zinaangamizana, na pale pale mionzi miwili ya gama inachomoka kuelekea pande mbili zilizo kinyume kabisa. Umewahi kuona kanjo wakitokea ghafla Jogoo Road? Wachuuzi wawili waliokuwa wamesimama pamoja wanatimua mbio, mmoja upande wa tauni, mwingine upande wa Donholm. Wewe hukuwaona walipokuwa. Lakini kama una rafiki kila upande na wote wawili wanakupigia simu wakati mmoja, ‘amenipita hapa sasa hivi’, unajua walianzia mahali fulani kwenye huo mstari. Mashine ya PET ni pete ya marafiki wa namna hiyo. Inapokea simu kwa mamilioni, inachora mistari, na mistari inapokatana ndipo sukari ilipokwama. Kompyuta inailaza picha hiyo juu ya picha ya CT, na daktari anaona umbo na njaa kwa pamoja.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo mtaa wetu unahusika moja kwa moja. Kinachowaka kwenye PET si lazima kiwe saratani. Ubongo unawaka, kwa kuwa unakula sukari usiku na mchana. Kibofu kinawaka kwa sababu ya mkojo. Na TB inawaka. Uvimbe wa TB kwenye pafu au tezi unaweza kung’aa kwenye PET hadi ufanane na saratani, na TB bado inatembea sana kwenye nyumba zilizobanana na madirisha yasiyofunguka, kutoka Huruma hadi Pipeline. Kwa hivyo mtu wako akiletwa na karatasi inayosema pafu limewaka, msianze kugawana viti vyake. Daktari mzuri atataka kukata kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara kabla ya kulitamka lile neno. Akilitamka kwa picha peke yake, muulize kwa heshima: hii haiwezi kuwa TB? Na kama kuna mtu kwenu aliwahi kutibiwa TB, sema. Hata kama ni siri ya familia ya mwaka 2009, mnong’onezee daktari.

Maandalizi nayo si mchezo, na hapa ndipo vijana tunaotumwa kuwasindikiza wazee tunaharibu. Mgonjwa anafunga kama saa sita, maji tu, yasiyo na kitu. Si ‘maji na biskuti kidogo’. Sukari ya damu inapimwa kabla ya sindano, na ikiwa juu sana anaweza kurudishwa nyumbani, kwa hivyo mwenye kisukari anapangiwa dawa zake mapema na watu wa hospitali. Siku ya kuamkia kipimo hakuna jimu, hakuna kubeba mitungi ya maji hadi ghorofa ya tano, kwa sababu misuli iliyofanya kazi nayo inavuta sukari na kuchafua picha. Akishadungwa anawekwa kwenye chumba kitulivu, amefunikwa vizuri asipate baridi, anakaa kama saa nzima bila kuongea sana. Chingamu haitakiwi, kwa sababu misuli ya taya ikitafuna itawaka. Kama chingamu ndogo hivyo inaharibu picha, wewe mwenye shavu la muguka kama mpira wa tenisi jipime mwenyewe.

Hatari je? Ipo, na atakayekuambia haipo anakudanganya kama yule aliyekuambia mamako atalipuka. Mionzi hupimwa kwa milisiviti. Binadamu wa kawaida duniani hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mawe, udongo, anga na chakula, bila kwenda hospitali yoyote. Skani ya mifupa inaongeza kama 4 au 5. PET pamoja na CT yake inaweza kufika kati ya 10 na 25, kulingana na mashine na mwili. Kiasi hicho kinafikiriwa kuongeza kidogo sana uwezekano wa kupata saratani miaka mingi mbele. Kwa mtu ambaye madaktari wanahitaji kujua leo kama wampasue au wampe dawa, hesabu inalipa. Kwa kijana mzima wa miaka 24 anayetaka ‘kujichunguza mwili mzima’ kwa sababu ameona mtu mashuhuri akifanya, hailipi, na pesa zake zingemfanyia mambo mengine. Wafanyakazi wa vituo hivi, ambao ndio wanakaa karibu na mionzi kila siku, wanavaa kipimo kidogo kifuani kinachohesabu wanachopokea, na vituo vinasimamiwa na mamlaka ya KNRA, iliyoundwa na sheria ya 2019.

Kuna mionzi ya kuogopwa, na wacha niiseme kwa ajili ya wasee wa chuma chakavu, wa Gikomba na Kariobangi Light, ambao hakuna anayewaandikia. Septemba 1987, mji wa Goiânia, Brazili, vijana wawili waliingia kwenye jengo lililoachwa na kliniki ya kutibu saratani wakatoa mashine nzito ya chuma. Waliiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga unaong’aa samawati gizani, ukapendwa, ukagawiwa kwa marafiki na jamaa, watoto wakajipaka. Ulikuwa siziamu-137. Watu wanne wakafa, mmoja msichana wa miaka sita, na 249 wakapatikana wamechafuliwa na mionzi. Siziamu inachukua miaka 30 kupungua nusu. Miaka, msee, na dawa ya PET ni dakika 110. Vyote vinaitwa nyuklia, kama vile paka na simba wote ni wa ukoo mmoja. Kwa hivyo ukiletewa chombo kizito kupita kiasi kwa ukubwa wake, kina alama ya pangaboi jeusi lenye mapanga matatu kwenye rangi ya manjano, usikipige nyundo na usikiweke kwenye mzani. Ondoa watu, piga ripoti polisi. Kilo za risasi hazina thamani hiyo.

Kati ya hao wawili kuna ndugu wa tatu anayepaswa kutajwa, iodini-131, ambayo inatumika kutibu tezi ya shingo. Hiyo inapungua nusu kila siku nane, na anayepewa dozi kubwa ya matibabu kweli anatengwa na kupewa masharti ya siku kadhaa, kitanda chake na vyombo vyake. Kuna waliopita uwanja wa ndege wiki kadhaa baadaye wakaamsha ving’ora. Kwa hivyo kanuni si moja kwa kila sindano. Uliza jina la dawa, uliza inapungua nusu baada ya muda gani, kisha piga hesabu yako mwenyewe kwa simu. Hakuna daktari atakayekasirika ukimuuliza hivyo, na akikasirika muulize mwenzake.

Pesa ndiyo ngumu. PET bado ni ghali kuliko kodi ya miezi mingi ya keja ya Umoja, na mashine bado ni chache kwa nchi nzima. Kabla hujafungua kikundi cha kuchanga nauli ya India, nenda na ile barua ya daktari hadi Kahawa au Kenyatta, uulize kama kipimo kinafanyika hapa na foleni ni ya muda gani. Pitia dawati la SHA kwanza, uulize inalipa kiasi gani kwa kipimo hicho, na uulizie kwa jina lake, kwa sababu ‘skani’ peke yake ni neno la bei tano tofauti. Muulize daktari pia kama skani ya bei nafuu zaidi ingejibu swali lile lile. Wakati mwingine inajibu. Na beba picha na ripoti zote za zamani, hata zile zilizokunjwa chini ya godoro, kwa kuwa anayesoma mpya anataka kulinganisha.

Ukipewa miadi ya PET, iheshimu kuliko miadi ya kazi. Dozi ya mgonjwa wako imepikwa alfajiri ile kwa jina lake na kwa saa yake, na inapungua akiwa bado yuko ndani ya matatu. Akichelewa sana wanaweza kukosa kinachotosha, na kesho hakuna uhakika wa nafasi. Kwa hivyo kama mmeambiwa saa mbili asubuhi na mnatoka Kayole, saa kumi na moja muwe steji, mathe akiwa na sweta zito na chupa ya maji. Chai yake utambebea kwa thamosi, anywe wakimaliza.